Jamii na mwanasayansi: njia tatu za kushirikiana, na namna ya kuchagua inayofaa tatizo lenu

Kikundi cha mazingira kinapoanza kutafuta mwanasayansi, mara nyingi huwa kimeshachoka. Malalamiko yamefikishwa ofisini, yakarudi na jibu lilelile: leteni ushahidi. Mwanasayansi naye ana swali lake, ana mfadhili wake na tarehe ya kuwasilisha ripoti. Wakikutana bila kuelewana nani anaamua nini, kinachofuata kinajulikana. Sampuli zinachukuliwa, wenyeji wanajaza dodoso, picha zinapigwa, na miaka miwili baadaye hakuna aliyerudi kuwaambia maji yale yana nini.

Hali hiyo inaumiza kwa sababu inaepukika. Ushirikiano wa wanasayansi na jamii una sura kadhaa, na kila sura ina kazi inayoiweza. Hapa nalinganisha tatu. Katika ya kwanza, wananchi wanakusanya data na wanasayansi wanazichambua. Katika ya pili, pande zote mbili zinapanga utafiti pamoja tangu siku ya kwanza. Katika ya tatu, jamii ndiyo inayoongoza, na mwanasayansi anaitwa kusaidia. Ipo pia njia ya kumlipa mshauri aje apime, aandike ripoti na kuondoka. Hiyo inafaa pale mnapohitaji kipimo kimoja chenye muhuri wa maabara, na zaidi ya hapo sina mengi ya kuisemea.

Vikundi vingi huanza kwa kuuliza vifaa: tununue kipimo gani, tupate wapi maabara. Mimi ningeanza na uamuzi. Majibu yakishapatikana, ni nani atakayeamua jambo, jambo gani, na lini? Kama ni wizara inayoandaa sera, mtachagua njia moja. Kama ni mama anayetaka kujua leo jioni ampe mtoto maji yapi, mtachagua nyingine kabisa.

Wananchi wanakusanya, wanasayansi wanachambua

Njia hii ina historia ndefu. Hesabu ya ndege ya Krismasi huko Amerika ya Kaskazini ilianza mwaka 1900 na watu 27 tu, na hadi leo inaendelea kila mwaka. Mwaka 2002 Chuo Kikuu cha Cornell na washirika wake walianzisha eBird, ambako mtu yeyote mwenye simu anaweza kuandika ndege aliowaona, mahali na saa. Bila watu hao, mtafiti angewalipaje wataalamu wa kusimama kando ya kila bwawa kwa zaidi ya miaka mia moja? Mabadiliko ya polepole, kama ndege kuhama mapema au samaki kupungua, huonekana tu pale macho yanapokuwa mengi na miaka inapokuwa mingi.

Uzuri wake ni wepesi wa kuingia. Mafunzo huwa mafupi, kifaa hutolewa au huwa cha bei nafuu, na mtu anaweza kushiriki kwa saa moja kwa wiki. Afrika Kusini kuna kipimo kiitwacho miniSASS, ambacho humwezesha hata mwanafunzi kujua afya ya mto kwa kutazama wadudu na viumbe wadogo wanaoishi chini ya mawe. Kuna viumbe wasiovumilia uchafu, na kuna wanaostawi humo. Aliyekwisha kujifunza kuwatofautisha ataendelea kuusoma mto huo maisha yake yote, na huo ni ujuzi usiohitaji umeme wala intaneti.

Lakini kwa tatizo la hapo mlipo, njia hii ina upungufu ambao waandaaji wake hawausemi kwa sauti: swali limeshaandikwa na mtu mwingine. Kama mradi unapima joto la maji na ninyi mnasumbuliwa na harufu ya kemikali, mtapima joto la maji. Majibu nayo huenda kwanza kwenye hifadhidata, kisha kwenye jarida, na huenda yasiwafikie kamwe. Mapitio yaliyochapishwa mwaka 2010, yaliyotazama mipango 104 ya ufuatiliaji wa mazingira, yaliona kwamba ule unaoendeshwa na wanasayansi wenyewe kwa kawaida huchukua miaka 3 hadi 9 kabla ya matokeo yake kugusa maamuzi, na maamuzi hayo huwa ya mkoa, ya taifa au ya mikataba ya kimataifa. Pale wenyeji wanapokusanya data na pia kushiriki kuzichambua, uamuzi hufanyika ndani ya mwaka 1 au mara moja, lakini katika ngazi ya kijiji. Kumbukeni ulinganisho huo, kwa maana unaeleza mengi ya yatakayofuata. Ukitaka kufika mbali utangoja, na ukitaka haraka utaanzia karibu. Kuwaachia wananchi kazi ya kukusanya tu, bila nafasi katika uchambuzi, kunawaweka karibu zaidi na upande wa kungoja.

Kupanga pamoja tangu mwanzo

Mfano ninaoupenda kuliko yote unatoka kwenye barafu ya Alaska, jimbo la Marekani lililo kaskazini kabisa. Mwaka 1977 Tume ya Kimataifa ya Nyangumi iliwapiga marufuku Wainupiati, wenyeji wa asili wa huko, kuwinda nyangumi wa Aktiki, uwindaji ambao jamii yao imeutegemea kwa karne nyingi. Sababu ilikuwa hesabu ya wanabiolojia waliokaa ukingoni mwa barafu wakihesabu nyangumi waliopita mbele yao, wakahitimisha kwamba wamebaki wachache mno. Wawindaji walikataa. Walisema nyangumi hawapiti kwenye maji wazi peke yake. Wengi husafiri chini ya barafu, wakipumua kwenye nyufa au kuipasua barafu kwa vichwa vyao, na wengine hupita mbali na pwani ambako mhesabuji hafiki kwa macho. Njia ya maji ikizibwa na barafu safari haisimami, ila mhesabuji haoni kitu.

Kilichotokea baadaye ndicho kinachoitenganisha njia hii na ya kwanza. Serikali ya mtaa ya wenyeji iliajiri wanasayansi wake, nao wakayachukua maelezo ya wawindaji kama dhana ya kupimwa. Wakashusha vinasa sauti majini ili wawasikie nyangumi wasioonekana, wakaongeza na hesabu ya nyangumi waliotazamwa kutoka kwenye eropleni. Hesabu zikapanda, na ya mwaka 1993 ikatoa makadirio ya karibu nyangumi 8,000. Sehemu ya ongezeko hilo ni nyangumi kuzaliana. Hata hivyo, hesabu zile za kwanza zilikuwa zimewaacha wengi, na waliolijua hilo ni watu waliokuwa wakiishi pale. Wawindaji hawakuishia kuongeza idadi ya takwimu, maana njia yenyewe ya kuhesabu ilibadilika kwa sababu yao.

Kinyume chake kilitokea Cumbria, kaskazini mwa Uingereza, baada ya mlipuko wa kinu cha nyuklia cha Chernobyl, Ukraine, mwaka 1986. Mvua iliangusha mionzi kwenye malisho ya milimani, na wafugaji wa kondoo wakaambiwa zuio la kuuza mifugo lingechukua wiki tatu. Wataalamu walikuwa wametumia ujuzi wa udongo wa mfinyanzi, unaoishika sesiamu, mojawapo ya chembe zile zenye mionzi, isipande kwenye majani. Udongo wa milima ile ni wa aina nyingine, wenye asidi na mboji nyingi, na sesiamu iliendelea kuzunguka kati ya udongo, majani na kondoo. Wafugaji walijaribu kueleza namna malisho yao yalivyo na namna kondoo wa mlimani wanavyokula, hata wakaonya kwamba kuwafungia kwenye uzio kwa ajili ya majaribio kungewadhoofisha. Hawakusikilizwa, na baadhi ya majaribio yakaachwa kimyakimya kwa sababu zilezile walizozitaja. Mashamba ya mwisho yalifunguliwa mwaka 2012. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na hapa gharama ya kutokuuliza ilidumu miaka 26.

Karibu zaidi na wasomaji wengi wa Kiswahili kuna Mikoko Pamoja, Ghuba ya Gazi, pwani ya kusini ya Kenya. Watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya walikuwa wakisoma mikoko ya hapo kwa miaka mingi kabla ya mradi kuwapo. Mwaka 2013 wao, watafiti wenzao kutoka nje na wanakijiji wa Gazi na Makongeni walianza mpango wa kulinda hekta 117 na kuuza hewa ya ukaa inayohifadhiwa humo, takriban tani 3,000 kwa mwaka. Mapato yanakwenda kwenye maji, shule na mambo mengine ambayo wanakijiji wenyewe wanayaamua. Mwaka 2017 mradi ulipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Kinachonivutia hapa ni mgawanyo wa kazi. Kukokotoa kaboni kwenye mizizi na matope kunahitaji mtaalamu, na hakuna haja ya kujifanya vinginevyo. Kujua nani anakata mikoko, kwa nini anaikata, na atapata wapi nguzo na kuni akizuiwa, hilo mtaalamu hawezi kulipata maabara. Mradi uliosimama kwenye ujuzi wa upande mmoja tu usingedumu.

Dar es Salaam, kuanzia mwaka 2015, mradi wa kuchora ramani uitwao Ramani Huria uliwaunganisha wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wakazi wa mitaa inayofurika. Setilaiti na ndege zisizo na rubani zilionyesha mapaa na njia. Wakazi walionyesha mitaro ilipo, mahali inapoziba, na maji yalipofika ukutani wakati wa mafuriko yaliyopita. Taarifa hiyo ya mwisho haionekani kutoka angani, na bila hiyo ramani ya mafuriko ni makisio.

Njia hii ina gharama yake, nayo ni muda wa mwanzo. Mikutano ya kuelewana inaweza kuchukua miezi kabla ya sampuli ya kwanza, na wafadhili wengi hawapendi kulipia miezi hiyo. Wapo wanaoita hatua hiyo upotevu wa muda. Sikubaliani nao, ila nawaelewa watu wenye dharura: mwenye mtoto mgonjwa hawezi kusubiri warsha ya nne.

Jamii inaongoza, mwanasayansi anaitwa

Kwa mwenye dharura, tazameni Flint, jimbo la Michigan, Marekani. Aprili 2014 mji huo ulibadilisha chanzo chake cha maji na kuanza kutumia mto Flint, bila kuweka dawa ya kuzuia maji yasiyale mabomba. Wakazi walianza kulalamika mara moja: rangi, harufu, vipele. Waliambiwa maji ni salama. Mama mmoja, LeeAnne Walters, hakukubali. Alisoma nyaraka, akapimiwa maji ya nyumbani kwake, akamtafuta Profesa Marc Edwards wa Virginia Tech, mtaalamu wa mabomba na madini ya risasi. Mwaka 2015 timu ya chuo ilituma vifurushi 300 vya kupimia, na wakazi wakavisambaza, wakaelekezana namna ya kuchukua maji, wakarudisha sampuli zaidi ya 250. Takriban nyumba 1 katika kila 10 ilikuwa na risasi ya mikrogramu 25 kwa lita au zaidi, wakati kiwango kilicholazimu hatua nchini humo kilikuwa 15.

Kuna jambo dogo la kiufundi hapa ambalo kila kikundi kinachopima maji kinapaswa kulijua. Risasi hutoka kwenye mabomba wakati maji yamelala, kwa hiyo sampuli sahihi ni ya maji ya kwanza kutoka, baada ya bomba kutulia saa 6 au zaidi. Maelekezo rasmi pale Flint yaliwataka watu waache bomba litiririke kwanza kabla ya maji kutuama usiku, na hilo hupunguza risasi inayoonekana. Kwa hiyo takwimu za serikali na za wakazi zingeweza kutofautiana hata kwa nyumba ileile. Wakazi walijua kwamba kuna kitu kibaya, na mtaalamu alijua kwa nini kipimo rasmi hakikioni. Hakuna upande ambao ungeshinda peke yake. Septemba mwaka huohuo Dkt. Mona Hanna-Attisha, daktari wa watoto, alionyesha kwamba risasi imepanda katika damu ya watoto wa mji, na Oktoba maji yalirudishwa kwenye chanzo cha Detroit. Kutoka vifurushi kutumwa hadi chanzo kubadilishwa ilikuwa takriban miezi miwili.

Kasi hiyo ndiyo nguvu ya njia ya tatu. Sikieni na upande wake wa pili. Mwaka 2018 uhusiano kati ya profesa na baadhi ya wakazi na wanaharakati waliokuwa upande mmoja naye ulivunjika, kukawa na barua ya malalamiko na kesi mahakamani. Ushirikiano uliojengwa ndani ya dharura mara nyingi hauna makubaliano ya nani atasema nini baada ya dharura kupita.

Norco, jimbo la Louisiana, Marekani, inafundisha jambo jingine. Wakazi wa mtaa wa Diamond waliishi katikati ya kiwanda cha kemikali na kiwanda cha kusafisha mafuta, vyote vya Shell. Walitumia ndoo: chombo cha plastiki chenye mfuko maalumu ndani na pampu ndogo, kinachonasa hewa ili ipelekwe maabara. Wazo hilo lilianzia California katikati ya miaka ya 1990. Mwalimu mstaafu Margie Richard aliongoza mapambano hayo, na mwaka 2002 kampuni ikakubali kuzinunua nyumba za wakazi wa barabara zote nne za mtaa huo ili wahame. Alipata Tuzo ya Goldman ya mazingira mwaka 2004. Hata hivyo, wasimamizi wa sheria walikuwa na hoja iliyowasumbua wenye ndoo kila mahali: ndoo inanasa hewa ya dakika chache, na viwango vya kisheria hupimwa kwa wastani wa saa nyingi au mwaka mzima. Sampuli ilionyesha kweli kilichokuwa hewani usiku ule. Sheria ilikuwa imeuliza swali lingine.

Si lazima mwanasayansi wa namna hii atafutwe kwa bahati. Uholanzi tangu miaka ya 1970 vyuo vikuu vimekuwa na ofisi maalumu ambako vikundi vya wananchi huleta maswali, na wanafunzi wakisimamiwa na walimu wao huyatafutia majibu. Marekani, tangu mwaka 2013, muungano wa wanasayansi wa dunia na anga uitwao American Geophysical Union umekuwa na mpango wa Thriving Earth Exchange, unaozikutanisha jamii na wanasayansi wanaojitolea. Jamii ndiyo inayotaja tatizo. Mtu wa tatu, aliyefunzwa kuratibu, huwasaidia kulipunguza tatizo hilo hadi liwe swali linalojibika, kisha ndipo mtaalamu anatafutwa. Mpangilio huo ninauona wa busara, na unaweza kuigwa hata bila mpango rasmi: andikeni swali kwanza, mtafuteni mtu baadaye.

Zikiwekwa bega kwa bega

Kwa muda, nimeshagusia. Njia ya kwanza inaanza haraka na kumaliza taratibu, ya pili inaanza taratibu na kudumu, ya tatu ina kasi mwanzo na mwisho lakini huchosha watu wake, kwa kuwa mzigo wa kuratibu uko mabegani mwa watu wachache wenye kazi na familia.

Kwa pesa, njia ya kwanza inaonekana rahisi kwa sababu anayelipa ni mtafiti. Wananchi hulipa kwa muda wao, na muda huo hauandikwi popote. Katika njia ya pili dai la haki ni posho kwa wenyeji wanaofanya kazi ya kitaalamu, iwekwe kwenye bajeti tangu ombi la fedha linapoandikwa. Ikisahauliwa hapo, baadaye hakuna fungu. Njia ya tatu huendeshwa kwa kujitolea, na gharama inayoshangaza wengi ni ya maabara, kwani kupima metali au kemikali za viwandani kwa kiwango kinachokubalika si jambo la kifaa cha mkononi.

Hapo niseme neno kuhusu vifaa vya bei nafuu, maana vinauzwa kwa ahadi kubwa. Kipimo kidogo cha chumvi zilizoyeyuka majini hakiwezi kuona bakteria, wala hakiwezi kuwaambia kama kuna risasi. Vihisi vidogo vya vumbi laini la hewani ni vizuri kwa kuonyesha saa na mahali ambapo hali inazidi kuwa mbaya, lakini unyevunyevu huvidanganya. Mradi wa AirQo wa Chuo Kikuu cha Makerere, unaopima hewa ya miji kwa vihisi vya namna hiyo tangu mwaka 2015, unavilinganisha na mashine kubwa za rejea na kusahihisha namba vinazotoa. Kikundi kisicho na mtu wa kufanya usahihishaji huo kisitangaze namba. Kinaweza kusema kwa uhakika kwamba asubuhi ni mbaya kuliko mchana na kwamba barabara hii ni mbaya kuliko ile, na hiyo tayari ni taarifa yenye kazi.

Uzito mbele ya mamlaka ndio kipengele ambacho vikundi hukichelewa. Data za njia ya kwanza huheshimiwa zikiwa nyingi. Za njia ya pili huheshimiwa kwa sababu ofisi husika mara nyingi ilikuwapo mezani tangu mwanzo. Za njia ya tatu hupingwa kuliko zote, kwa sababu zinamtaja mtu wa kulaumiwa. Kinga yake ni ya kuchosha lakini inawezekana: njia ya kuchukua sampuli iliyoandikwa kabla ya kuanza, karatasi inayoonyesha kila chupa ilipita mikononi mwa nani na saa ngapi, sampuli chache za marudio, na maabara inayotambuliwa na chombo kilekile mtakachokwenda kukishawishi. Ulizeni chombo hicho mapema kinataka wastani wa muda gani na kipimo cha aina gani. Wenye ndoo wangefaidika sana na jibu hilo.

Umiliki wa data ndipo ninapokuwa mkali. Katika njia ya kwanza data ni za mradi, na mara nyingi ziko wazi kwa kila mtu. Hilo ni zuri kwa ndege na hatari kwa vitu vingine, kwa mfano mahali palipo na mti adimu wa dawa, au matokeo ya kipimo cha nyumba ya mtu anayepanga kuiuza. Jamii ya Wasani wa Afrika Kusini, baada ya miaka mingi ya kutafitiwa na wageni, ilitoa mwaka 2017 kanuni zake za maadili ya utafiti zinazodai heshima, ukweli, haki na kujali. Mwaka 2019 zilitangazwa kanuni za kimataifa za data za watu wa asili, zinazosema jamii iwe na mamlaka juu ya data zake na ifaidike nazo. Hakuna haja ya kuwa Msani ili kudai vivyo hivyo.

Ipi inafaa tatizo gani

Kama kuna hofu ya sumu, watu wanaugua au kuna anayetuhumiwa, nendeni njia ya tatu, na mpate daktari na mwanasheria mapema sawa na mwanakemia. Msijiunge na mradi wa miaka mitano wakati kisima kinatiliwa shaka. Funikeni kisima kwanza.

Kama tatizo ni rasilimali mnayoitumia kila siku na mtakayoendelea kuitumia, kama msitu, mikoko, samaki, malisho au maji ya chini ya ardhi, chagueni ya pili hata ikichelewa. Sheria za matumizi zitakazotoka humo zitafuatwa na watu walioshiriki kuzitunga. Mafuriko pia naweka hapa, kwa kuwa kumbukumbu za wakazi ni sehemu ya kipimo chenyewe.

Kama mnashuku mabadiliko ya polepole na hamna haraka, au mnataka vijana wajifunze kutazama, ya kwanza inatosha na ni furaha kuifanya. Ni mahali pazuri pa kuanzia pia, kwa sababu kikundi kilichopima mto kwa misimu miwili kina rekodi ya hali ya kawaida, na siku samaki wakielea juu kuna cha kulinganisha. Vikundi vingi vinavyofika kwenye njia ya tatu havina rekodi hiyo, na mchafuzi husema tu kwamba mambo yalikuwa hivyo tangu zamani.

Njia hizi zinaweza kufuatana. Flint haikuhitaji mpango wa miaka kumi mwaka 2015, lakini baada ya dharura, mabomba ya kubadilishwa na watoto wa kufuatiliwa afya ni kazi za njia ya pili.

Kabla ya kukubaliana na mtaalamu

Mwulizeni kama swali linaweza kubadilishwa baada ya kuwasikia ninyi. Akisema haliwezi, si mtu mbaya, ila mko kwenye njia ya kwanza na mjue hivyo. Mwulizeni matokeo yatawafikia lini na kwa lugha gani, nayo yawafikie kabla ya magazeti. Mwulizeni nani anamlipa. Mwulizeni atafanya nini matokeo yakionyesha kwamba maji ni safi na shida iko kwingine, kisha jiulizeni ninyi swali hilohilo mkiwa peke yenu, kwa sababu kikundi kilichoahidi umma kwamba kitathibitisha jambo fulani kimejifunga mikono.

Kwa mwanasayansi anayesoma hapa: ombi lako la kwanza kwa jamii lisiwe sampuli. Omba kutembezwa. Uliza maji hupanda hadi wapi, samaki waliacha kuonekana mwaka gani, na nani aliyewahi kuja kupima kabla yako na alisema nini. Ukigundua kwamba alikuja mtu akaondoka na majibu, yatafute majibu hayo uyalete hata kama hayahusu mradi wako.

Makubaliano yaandikwe, hata kurasa mbili zinatosha. Yataje swali, nani anachukua sampuli na kwa njia gani, data zinahifadhiwa wapi na nani anaweza kuziona, nani anaruhusiwa kuzungumza na waandishi wa habari, jina la nani litatokea kwenye chapisho, nani analipwa, na upande mmoja ukitaka kujitoa unafanyaje. Yasomwe kwa sauti mbele ya mkutano wa wote watakaopimiwa maji, hewa au udongo wao, na asiyetaka nyumba yake iingizwe aruhusiwe kusema hapana bila kutoa sababu.